Mizunguko Kumi na Mmoja

Jumatatu, 3 Juni. Asubuhi: anga jeupe, baridi ya kuvaa sweta, umande mzito uwanjani.

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini kabla sijafungua maabara. Alikuwa na barua ya chama cha besiboli mezani, ile ya muhula uliopita, kuhusu wasichana wetu wawili waliopigana na wageni kwenye mlango wa basi. Aliisoma yote kwa sauti, pamoja na tarehe na mhuri, kana kwamba siku ile mimi sikuwa katikati yao nikivutwa nywele. Halafu akasema: ikija barua moja zaidi, ya aina yoyote, timu inafungwa, uwanja unarudi kwa voliboli, na mimi narudi kwenye chupa zangu. Tukimaliza msimu bila barua, timu inabaki. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mimi si mwalimu. Ni msaidizi wa maabara mwenye cheti cha kidato cha nne, na besiboli naijua kwa sababu niliicheza miaka minne nikiwa mwanafunzi. Timu hii niliianzisha na magongo mawili na glavu za kushonwashonwa. Sitaki ifie mikononi mwangu.

Jioni nimeandika kanuni. Zilifika kumi na mbili. Mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani na tunaishi pamoja, alizisoma akiwa na pini mdomoni, akaniuliza kama nafundisha mpira au naendesha gereza. Nimezifuta zote nikabakiza moja: kosa la mmoja ni la wote. Mmoja akichelewa, timu nzima inakimbia. Kila dakika tano, mzunguko mmoja wa uwanja.

Alhamisi, 6 Juni. Mawingu mepesi, upepo.

Nimewasomea kanuni. Wako kumi na wanne. Walinung'unika, isipokuwa Ukuta. Huyu ni mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na ni nahodha, wa kidato cha nne, mabega mapana, hazungumzi mara mbili. Aliwageukia wenzake akasema, "Mmesikia," na wakanyamaza. Nilimshukuru kimoyomoyo. Ukiwa na mtu kama huyo, nusu ya kazi imekwisha.

Sindano amechelewa dakika kumi na tano. Anacheza uwanja wa kushoto, kidato cha tatu, mwembamba kama jina lake, mkimya hadi unasahau kwamba yupo. Alikuja mbio, begi likimpiga mgongoni, akafungua mdomo aseme kitu. Nilimwonyesha uwanja kwa kidole. Wamekimbia mizunguko mitatu. Kasuku, mlinzi wa kituo cha pili, ambaye hafungi mdomo hata akinywa maji, alimuuliza Sindano kama siku ya harusi yake watakimbia mpaka kwa wakwe. Wote walicheka, na Sindano mwenyewe akacheka. Nilifurahi. Kicheko kidogo hulainisha adhabu.

Jumatatu, 10 Juni. Manyunyu asubuhi, baadaye jua.

Sindano tena, dakika kumi. Mizunguko miwili. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 13 Juni. Kavu.

Waliochelewa: hakuna. Mipira imerudi yote ishirini na miwili. Sindano alikuwa wa kwanza kufika, anahema, ana majani makavu kwenye sketi. Nimemsifu Ukuta mbele ya wote kwa namna anavyowashika wenzake.

Jumatatu, 17 Juni. Kavu, vumbi.

Waliochelewa: hakuna. Nimempa Ukuta funguo ya pili ya stoo ya vifaa, ili baada ya mazoezi yeye na wenzake wafunge, nami niwahi kuosha vyombo vya darasa la jioni. Ninaokoa nusu saa.

Alhamisi, 20 Juni. Kavu.

Hakuna.

Jumamosi, 22 Juni. Joto la ghafla, mawingu upande wa milima.

Tumeshinda saba kwa nne. Kombora, mrushaji wetu, amerusha vizuri sana. Mpira wa msichana huyu unafika kabla hujapepesa jicho, na wapigaji wao walikuwa wakipunga gongo kama watu wanaofukuza nzi. Hakuna ugomvi, hakuna matusi, mpaka mwamuzi alikuja kunipa mkono. Mwalimu Mkuu alikuja dakika za mwisho, akasimama nje ya uzio, akaondoka bila neno. Kwake hizo ni sifa.

Doa moja. Mpira rahisi ulimwendea Sindano, wa juu, wa polepole, wa kudakwa na mtoto wa chekechea. Alifumba macho na kukunja bega, kana kwamba mpira unamfuata yeye na si glavu. Ukaanguka. Nimeandika pembeni: woga, ushughulikiwe. Kuanzia Jumatatu, mpira rahisi ukiangushwa mazoezini, timu itakimbia mzunguko mmoja.

Jumatatu, 24 Juni. Mvua usiku, tope.

Sindano ameangusha miwili. Mizunguko miwili, kwenye tope. Ukuta alikimbia mwisho, akimwangalia kisogo njia nzima.

Alhamisi, 27 Juni. Mawingu.

Mpira mmoja umeanguka, mzunguko mmoja. Ni Sindano. Nilimwambia afumbue macho, mpira haumli mtu. Alisema, "Ndiyo, Kocha." Kombora aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Jumamosi, 29 Juni. Mvua nyepesi, mechi ilichelewa saa moja.

Tumeshinda tano kwa tatu. Tumeingia fainali, itakayochezwa hapa kwetu Jumamosi ijayo. Mwalimu Mkuu amenipigia simu mwenyewe. Mgeni kutoka ofisi ya michezo atakuja, kwa hiyo wavae suruali mpya. Nimempa mdogo wangu kazi hiyo, amelalamika na kukubali kwa pumzi moja.

Sindano nimemwacha benchi. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatatu, 1 Julai. Mvua.

Ameangusha mitatu. Mizunguko mitatu. Nimechoka naye. Nimemwambia Ukuta azungumze naye, wao kwa wao, pengine itasaidia. Akasema, "Tutazungumza naye, Kocha."

Jumatano, 3 Julai. Mvua toka alfajiri, bati la maabara linapigwa kama ngoma.

Mambo mawili leo, na nitayaandika kwa mpangilio yalivyokuja.

Saa nne mwalimu wa jiografia alikuja maabara. Ni mzee mpole ambaye kipindi chake hakiishi kengele ikilia, bali yeye akimaliza. Aliniuliza kama timu imeanza kufanya mazoezi mapema siku za Jumatatu na Alhamisi. Nilisema hapana. Akasema basi hajui Sindano anakwenda wapi, kwa sababu tangu katikati ya mwezi uliopita, kengele ikilia tu, yeye akiwa bado anafundisha, binti anatoka kwa dirisha la nyuma. Mwanzoni mwa muhula alikuwa akikaa mpaka mwisho kama wengine. Ni yeye peke yake katika timu aliye kwenye darasa hilo.

Dirisha la nyuma linaangukia kwenye ua wa michongoma. Ndiyo yale majani.

Alipotoka nilibaki nimeshika chupa ya asidi bila kujua nilitaka kuipeleka wapi. Alichelewa kwa sababu mwalimu hakumwachia. Nilikuwa na uwezo wa kuuliza swali moja la maneno mawili, na sikuuliza.

La pili. Mchana wasichana walikwenda nyumbani kwangu kupimwa suruali, mmoja mmoja. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameketi na hashoni. Hilo peke yake lilinitisha.

"Dada," alisema, "yule mwembamba ana mshono mguuni."

Nilidhani anasema jeraha lililoshonwa hospitali. Akatikisa kichwa. Akachukua chaki yake na kuchora juu ya meza duara, jeupe kwa chaki lakini akasema lenyewe ni la zambarau, na ndani yake mistari miwili iliyopinda, yenye vijino vidogo kila upande. Alisema miaka yote hii anashika nguo, mshono anaujua hata gizani, lakini hajawahi kuuona juu ya ngozi ya mtu. Upo nyuma ya paja. Mwingine upo juu ya nyonga, unaanza kuwa wa kijani. Mwingine mgongoni.

Mpira wa besiboli una uzi wa mishono mia moja na minane. Ukimpiga mtu kwa nguvu, unaacha chapa. Nimewahi kuwa nayo mimi mwenyewe, begani, kwa mbele. Mchezaji wa kushoto anautazama mpira ukija. Hapigwi nyuma ya paja.

Alhamisi, 4 Julai. Mvua imekatika, ukungu.

Sikufanya mazoezi. Niliwaita mmoja mmoja maabara.

Kasuku alikuja wa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Kombora ndiye aliyesema. Baada ya mazoezi, mimi nikishakwenda kuosha vyombo, Sindano anasimamishwa nyuma ya stoo, uso ukutani. Kwa kila mzunguko ambao timu imekimbia kwa sababu yake, anapigwa mpira mmoja. Ukuta anarusha, na wale wawili wa kituo cha kwanza na cha tatu. Wengine wanasimama na kuhesabu. Kombora aliombwa arushe akakataa. "Mkono wangu ungemuua, Kocha," alisema. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba alidhani najua. Mimi ndiye niliyempa Ukuta funguo.

Nilifungua daftari hili. Mitatu, miwili, miwili, mmoja, mitatu. Kumi na mmoja. Sikuhitaji kumuuliza mtu idadi, nilikuwa nayo kwa mwandiko wangu, na tarehe zake. Na nikaona nilichokuwa nikikiandika: aliangusha mpira kwa sababu aliuogopa, aliuogopa kwa sababu anapigwa, akaangusha tena, nikawakimbiza tena.

Ukuta alikuja wa mwisho. Nilitegemea akane. Hakukana. Alisimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama wakati wa kuitwa majina.

"Wewe ulisema kosa la mmoja ni la wote," alisema. "Sisi tulimrudishia mwenyewe."

Nilimwambia sikuwatuma wapige mtu.

"Ulitaka asichelewe. Hachelewi. Ulinisifu."

Kila neno alilosema nimewahi kulisema mimi, kwa ukali ule ule. Nikamwambia atoe funguo aiweke mezani, na kwamba yeye na wale wawili hawatacheza Jumamosi. Hapo tu ndipo uso wake ulipobadilika. Alisema bila wao timu haitaingia uwanjani, wengine watakataa, chama kitaandika barua, na hapo hakutakuwa na timu ya mtu yeyote, hata ya Sindano. Hakunitisha. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi.

Sindano mwenyewe hakutaka kuketi. Nilimwomba radhi. Aliangalia miguu yake. Alisema maumivu yanaisha kwa siku tatu nne, na kama anaweza kuomba kitu, anaomba nisimwambie mtu mpaka fainali ipite. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Basi nitakuwa mimi niliyeifunga timu," na akatoka.

Ijumaa, 5 Julai. Jua, baridi.

Mwalimu Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilianza na kanuni yangu, halafu funguo, halafu ndio wasichana. Akauliza nani amelalamika. Nilisema hakuna. Akasema asiyelalamikiwa hana kesi. Aliinuka, akafunga dirisha, akazungumza kama mtu anayenisaidia: mgeni anakuja kesho, wazazi wamealikwa, Jumatatu asubuhi tutalishughulikia kikamilifu, siku mbili hazimuui mtu. Nikamwambia anayeombwa kusubiri siku mbili ana chapa mgongoni, na kesho nimsimamishe timu moja na waliomchapa.

Aliketi tena. Halafu akasema kocha ni mimi, orodha ni yangu. Ila timu ikishindwa kuingia uwanjani, atahitaji funguo za stoo.

Jioni nilikwenda kwao Sindano. Mama yake ni karani wa posta, alikuwa bado na sare ya kazi. Nilimweleza mlangoni, sikungoja kukaribishwa, nisije nikakirimiwa kwanza. Aliingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba ukifungwa, na baada ya muda ukifunguliwa. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu. Alisema kesho atakuja uwanjani na atakaa nyuma yangu, apate kuniona.

Jumamosi, 6 Julai. Asubuhi: anga safi, hakuna upepo, nyasi zimekauka. Siku nzuri ya mchezo.

Wote kumi na wanne walikuja, wamevaa suruali mpya. Nilisoma majina tisa. Nilipomaliza, Ukuta na wale wawili walikwenda kuketi kwenye nyasi nje ya mstari. Wengine watatu, wawili kati yao wakiwa kwenye tisa zangu, wakawafuata wakaketi nao. Nikabaki na wanane, na kati yao waliosogea kuelekea uwanjani hakuna. Walisimama wanaangaliana.

Sindano hakuangalia mtu. Alichukua glavu yake, akavuka uwanja wote mpaka kushoto, akageuka, akasimama. Uwanja wa besiboli ni mkubwa sana ukiwa na mtu mmoja.

Mwamuzi aliangalia saa. Kanuni inatoa dakika kumi na tano.

Baada ya dakika tatu hivi Kasuku aliokota barakoa ya mdakaji. Hajawahi kudaka maishani mwake. "Haya," akasema, "leo mmepata cha kunifungia mdomo," akaenda kuchuchumaa. Akafuata mwingine, na mwingine, bila kukimbia, kama watu wanaoingia kwenye maji wasiyojua kina chake. Wakafika saba. Kombora alikuwa wa nane. Alipita mbele ya Ukuta, wakaangaliana, akapanda kwenye kilima chake cha kurushia na kuanza kuupangusa mpira.

Wanane. Zimebaki dakika nne. Niliwaendea wale watatu walioketi kwa hiari yao, ambao sikuwafungia. Mmoja alikuwa analia, lakini hakuinuka. Wengine walinipa kisogo.

Hapo Ukuta alisimama. Alikuja mpaka kwenye mstari akiwa ameshavaa glavu, akasimama bila kuuvuka.

"Kocha. Niweke popote. Hata kulia kabisa, mpira hauendi kule."

Sauti yake haikuwa ya nahodha. Nyuma ya uzio Mwalimu Mkuu alisema, "Mwingize." Hakusema kwa hasira, alikuwa karibu anaomba, na mgeni wa ofisi ya michezo pembeni yake alikuwa anasoma saa yake. Kasuku aliinua barakoa. Halafu kutoka mbali kabisa, kushoto, nikaisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikipazwa:

"Mwingize tu, Kocha."

Sikugeuka kumtazama mama aliyekuwa nyuma yangu. Sikuhitaji. Nilimtazama Ukuta, na kusema kweli, katika wote pale uwanjani ndiye niliyemwonea huruma zaidi, kwa sababu ndiye aliyenisikiliza vizuri kuliko wote. Nilitaka sana kumwingiza.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Leo hapana."

Alibaki amesimama pale pale kwenye mstari, glavu mkononi, mpaka mwamuzi alipoinua mkono. Wageni wamepewa ushindi bila mpira mmoja kurushwa. Mwamuzi aliandika karatasi yake akiegemea boneti ya gari, akaniomba sahihi. Barua itafika katikati ya wiki.

Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kuchukua funguo. Nilimpa zote mbili. Alizigeuza kiganjani, akasema Jumatatu atawaita wazazi wa Ukuta na wale wawili, na kwamba anataka kile nilichomweleza jana kwa maandishi, chote, kuanzia na kanuni yangu. Nilisema atakipata kabla ya kengele ya kwanza.

Watu walipokwisha kuondoka nilibaki nikikusanya vituo, ile mito ya turubai. Sindano alikuwa bado yupo. Mama yake alimngojea mbali kidogo, kwenye lango, amempa nafasi. Tuling'oa kituo cha tatu pamoja, yeye upande huu na mimi ule, tukakung'uta vumbi.

"Ungemwingiza, ningecheza," alisema. "Ningecheza vizuri tu."

"Najua."

"Halafu nisingerudi tena."

Nilimwambia sasa hakuna pa kurudi, timu imefungwa.

"Najua, Kocha," akasema. "Lakini ingekuwapo, ningerudi."

Akashika kituo chini ya kwapa, akatangulia kuelekea stoo iliyokuwa bado wazi, akichechemea kidogo upande wa kulia.

Nimeandika ripoti ya Mwalimu Mkuu, kurasa nne, jina langu juu. Mdogo wangu ameisoma akanirudishia bila mzaha.

Naongeza asubuhi: nililala saa nane kasoro robo usiku, bado nikihesabu ile mizunguko kumi na mmoja.